Mwenye Aligeuza Butoni

Komini ya Kenya, Lubumbashi

Mama,

Umeamka namna gani? Magoti ingali inakuuma? Moshi ya samaki imekuachia macho kidogo? Miye mwili iko, ni roho njo inauma. Najua Yaya Kunda anakusomea hii barua, juu mutoto wako mwanaume mukubwa njo kinywa ya barua zote pale nyumbani Kasenga. Basi Yaya, jambo. Kaa muzuri. Soma yote, usiruke hata neno moja, hata pale utapenda kuruka.

Mama, shangazi Mwape alipitia hapa na mizigo yake ya samaki. Nikamupa kiti, nikamupa maji, akakataa kuniangalia. "Shangazi, nilikukosea nini?" Akasema: "Mama yako analia. Anasema mulevi asikanyage mulango wake." Mulevi! Miye! Miye mwenye sinywe hata munkoyo, ile maji ya mahindi, ikianza kuchacha!

"Nani alisema vile?"

"Yaya yako. Anasema alikuona na macho."

Ehe. Sasa nitaeleza chenye Yaya aliona.

Unajua hapa ku kazi ya shaba balinitia mu kundi ya animasyo, yenye inaimbia Chama wakati bakubwa banafika. Nilikuwa napiga sinte, ile piano ya umeme yenye butoni mingi. Ndani yake iko sauti yenye unasikia, na iko ingine yenye husikie hata kidogo. Hii ya pili iko polepole, kazi yake ni kusukuma ya kwanza, ipande, ishuke, kama mukono yako inatikisa lungo: bantu banaangalia unga, hapana mukono. Iko na butoni ya mbio yake na taa ndogo nyekundu. Ukiipatia pole, taa inawaka na kuzimika pole, na wimbo inapumua. Bamama ya animasyo balikuwa banafunga macho wakiimba. Nilitafuta ile mbio wiki mingi, na sikio tu. Ukizidisha, sauti inatetemeka kama mbuzi ya kushikwa shingo.

Ile siku Yaya alifika kunitembelea. Nilifurahi, Mama, mpaka nikamuingiza mu saale ya mikutano pale Makomeno, na abakosti yake mupya, ile koti ya Chama, aone mudogo yake akipigia bakubwa. Nikamwambia: "Yaya, usishike kitu." Nikatoka kutafuta waya. Nilirudi, Komisere, mukubwa wa Chama, iko tayari ku mulango, sikupata wakati ya kuangalia taa. Nikapiga.

Mbuzi, Mama. Wimbo ya Chama ililia kama mbuzi mbele ya Komisere. Nilirudisha butoni upesi, lakini alikuwa ameacha kupiga makofi. Shefu yetu akaita: "Sitoyen Chola! Sauti ya Chama inatetemeka juu ya nini? Inaogopa nani?" Hakuna mwenye alicheka. Akauliza tena: "Nani alishika hii mashini?"

Nikamuangalia Yaya. Yaya akaangalia biatu byake.

Muntu wa inje ya kundi mwenye anaharibu wimbo ya Chama, Mama, banamupeleka, na hakuna mwenye anajua wapi. Nikasema: "Ni miye. Nilikosea."

Kule inje Yaya akaninongoneza: "Nilitaka tu kuona ile taa ikiwaka mbio." Ni ile tu. Kesho yake akapanda kamyo ya samaki. Miye balininyanganya sinte, balinitupa ku moto ya kuyeyusha shaba. Moshi inanikwaruza koo, na makelele inakula sikio yangu, ile sikio yenye nilikuwa nayo, Mama.

Yaya, sikukuomba hata aksanti. Ungenyamaza tu! Lakini ulifika kwa Mama, hata mufuko hujaweka chini, ukasema Chola alilewa mbele ya Komisere. Pale Makomeno uliogopa, sawa, hata miye niliogopa. Sasa kule Kasenga unaogopa nani? Mama muzazi? Mwoga weye! Nakukasirikia mpaka chakula inanikataa. Na usifikiri utapasua hii karatasi. Sikuitia ku posta, ni shangazi Mwape aliileta, na yeye iko pembeni yako, anasikiliza. Anajua yote.

Mama, unisalimie shemeji, muke wa Yaya, hana kosa. Unisalimie mujomba Mumba mutengeneza mitumbwi, na ule nyanya jirani mwenye alinilea wakati ulikuwa ku soko. Kwa Yaya sina salamu.

Ukisikia Yaya amenyamaza hapa, Mama, si koo imekauka. Yaya, weka karatasi chini. Muangalie Mama mu macho, umwambie na kinywa yako, hapana na yangu. Miye naacha kuandika, juu usipate tena neno yangu ya kujifichia.

Mutoto wako,
Chola