Karani Aliyekatwa Pichani

Kamalondo, Lubumbashi

Yaya Godelive, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu, wewe na wote mnaolala chini ya paa la mama huko Kongolo. Mguu wake unaendeleaje? Shemeji amemaliza kuvuna? Mimi sina homa, ninakula, ninafanya kazi. Lakini nina jambo la kuchukiza la kukueleza.

Unaikumbuka picha ya baba, ile pekee tuliyokuwa nayo: amesimama kando ya jaji wake siku ya kufungua mwaka wa mahakama, na jaji ameitia sahihi. Mama alimpa yule mgeni aliyeahidi kuitolea kopi na kuirudisha kabla ya misa ya ukumbusho wa baba, asionekane tena. Mpaka leo anajilaumu. Nimeiona.

Mkuu wangu gazetini alinituma Makomeno, kwa wakili mmoja anayekusanya picha za zamani za majaji wakubwa, zote zenye sahihi. Ukuta mzima wa sebule ni kanzu nyekundu, na fremu zote ni za kipimo kimoja. Ya baba ni ya tatu kutoka dirishani. Chini jaji ameandika kwa Kifaransa: "Kwa karani wangu mwaminifu." Karani mwenyewe hayupo. Amekatwa. Vimebaki vidole vyake vinne, vimeshika faili.

Nikamwuliza wakili, pembeni alisimama nani?

"Muntu wa kubeba ma-dossier tu. Alikuwa anaharibu picha. Miye ninakusanya ba-juges, hapana ba-greffier, makarani!"

"Huyo wa kubeba ma-dossier ni baba yangu."

Hakuona haya. Alinishika bega. "Ah, kumbe tuko famille! Basi, petit, andika article ya muzuri. Sema miye njo ninachunga historia ya inchi. Ikitoka tu, picha iko yako."

Nikaenda kwa fundi wake wa fremu, hapa hapa Kamalondo, kuulizia vipande vilivyokatwa.

"Bile bikaratasi? Bibi yangu aliwashia mbabula, mon frère."

Mkewe alikuwa kando ya hiyo mbabula, jiko la makaa, anachoma mahindi. Akanipa hindi moja. Sikuweza kulila.

Siku mbili nilikaa na kalamu. Sifa ningeweza kuandika. Nimewahi kuwasifu watu wabaya kuliko yeye. Safari hii kila sentensi niliifuta. Mwishowe niliandika nilichokiona: jina la baba, kazi yake, mkasi. Mkuu wangu aliisoma makala hiyo mara mbili, akaipitisha. Gazeti limetoka leo. Adhuhuri wakili amenipigia simu: picha ile hataitoa kamwe kwa mtu wa ukoo wetu.

Nisalimie shemeji, baba mdogo aliyestaafu reli, na shangazi wa kwaya. Mwambie shangazi dawa yake nimeipata.

Mama umsomee barua yote, usiruke kitu. Akianza tena kusema kwamba ni yeye aliyeipoteza picha, mkatalie. Niliahidiwa kurudishiwa, nikakataa bei yake. Aliyeipoteza ni mimi.

Mdogo wako,
Prosper