Meza ya Baruti

Mpendwa mume wangu, Baba Kulwa,

Nakuandikia nikiwa sebuleni, nimekipa mgongo kile chumba chako cha baruti. Nimechoka. Uchovu wa kazi naujua, dawa yake ni kulala. Huu nalala nao na kuamka nao.

Leo mwanao Kulwa kaja tena kutoka Butimba na maneno yale yale. "Mama, kibali kilikuwa cha baba. Bunduki irudishwe polisi, na risasi, na baruti yote." Anasema kweli, sina ubishi. Nimemwambia nitavikusanya kesho. Hiyo kesho nimeisema mpaka imechuja.

Unakumbuka wenzako walivyoicheka bunduki yako? Fupi, ya kukoki kwa kushusha na kupandisha wenzo ulio chini ya kifyatulio, halafu inakula risasi za bastola, zile nene zenye nguvu. Wenye bunduki ndefu walisema umeivalisha bastola suruali. Ukawajibu kwamba ngiri wa kichakani hakupi nafasi ya kupima umbali, anachomoka miguuni pako, na hapo unataka kitu kizito kitakachomlaza palepale asikimbie na jeraha. Sasa risasi zenyewe hapa Mwanza zilipatikana kwa kubahatisha. Ndiyo maana ukahangaikia ruhusa ya kujaza upya mwenyewe maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa.

Ukanivuta na mimi mezani. Macho yako yalishaanza kukusaliti, ukasema mkono uliozoea kupima hamira ya maandazi hauwezi kumwaga baruti ovyo. Mimi nikapima baruti kwa ile mizani ndogo, wewe ukabana vichwa vya risasi kwenye maganda kwa ile mashine ya mkono. Hatukuongea. Hata redio ulizima.

Na kila mara kabla ya kuingia, ulisimama mlangoni ukauliza, "Kuna jambo?" Nikisema hakuna, tunaingia. Nikisema lipo, mlango unabaki umefungwa mpaka liishe. Ulijifunza hivyo kwa yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vyuma, aliyekufundisha kazi. Siku moja alikaa mezani kwake akiwa amenuna, kagombana na mkewe. Mawazo yakamchukua, akatia baruti mara mbili kwenye ganda moja. Alipokuja kuipiga risasi hiyo, bunduki ilipasuka mkononi, ikaenda na vidole vyake. Tangu hapo ulisema baruti haipimwi na mtu mwenye kinyongo.

Unakumbuka ule mwaka wa paja la ngiri? Uliligawa lote pale Buzuruga kwa kila aliyekuita shemeji, nyumbani ukaniletea shingo na maneno matamu. Nilinuna kweli kweli. Leseni ya uwindaji mkononi, msimu umefunguliwa, maganda yako matupu, na mimi sifungui mdomo. Ukavuta kigoda mlangoni ukakaa.

"Kuna jambo?"

"Lipo."

"Lilete."

Nikalileta, pamoja na mengine ya zamani yaliyokuwa yamelala. Ulisikiliza yote. Ukajikuna kisogo, ukasema, "Hapo nilikosea, mama." Tukaingia kazini. Wanawake wenzangu walinihurumia kwa kuolewa na mtu wa bunduki. Hawakujua kwamba ile bunduki ndiyo iliyotupatanisha kila msimu.

Sasa nikwambie kwa nini sijakusanya kitu hata kimoja. Kila nikishika kitasa nasikia swali lako, na jibu langu ni kwamba lipo.

Nilikuomba uende hospitali na kile kikohozi. Nilikuomba kwa upole, nikakuomba kwa ukali. Ukasema utakwenda ukitoka porini. Tulikaa mezani tukajaza risasi, nikakujibu hakuna jambo, kwa sababu siku hiyo nilidhani ni kikohozi tu. Ukarudi umebebwa na wenzako. Hospitali ulikwenda, ila hukutoka kwa miguu yako. Nimekukasirikia, Baba Kulwa. Pale msibani watu waliponishika mabega wakidhani nalia, nusu ilikuwa hasira. Mwanamume aliyepima kila kitu kwa uangalifu namna ile, kifua chake mwenyewe akakipuuza.

Basi, nimelileta. Wewe huwezi tena kuniomba radhi, lakini nakufahamu. Ungejikuna kisogo, ungesema ulikosea. Neno hilo nalipokea kama limesemwa.

Nikimaliza barua hii nafungua mlango. Nitafunika kopo la baruti vizuri, nitazirudisha risasi kwenye boksi lake, na bunduki nitaipangusa vumbi, isiende kwa watu ikiwa chafu. Kulwa akija atakuta kila kitu tayari. Mizani nitabaki nayo, nitapimia hamira.

Na ukiniuliza pale mlangoni kama ulivyozoea, kwangu hakuna jambo.

Pumzika, na mimi nipumzike.

Mkeo,
Mama Kulwa