Maboya Yaliyovuka na Papa

Kataki, Kalemie
Tarehe 16 Machi 2025

Yaya wangu mpendwa Adalbert, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Chérie na watoto. Baridi ya Montréal imepungua? Na kile kifua kilichokusumbua Noeli, kimepona kweli au unatuficha? Sisi hapa tunapumua, Mungu asifiwe. Magoti ya Mama yametulia kidogo tangu mvua ipungue.

Nilipokuambia kwa simu kwamba Papa, mzee wetu, alipotea ziwani na akapatikana, mtandao ulikatika kabla sijaeleza. Najua ulibaki na wasiwasi. Basi kaa, nikupe yote.

Unajua kazi yangu hapa kituoni: tunapima joto la maji na mwendo wake, pamoja na wenzetu wa Kigoma, Bujumbura na Mpulungu. Nchi ni nne, ziwa ni moja, kwa hiyo vipimo tunapeana. Mwaka huu tulitupa majini maboya madogo ya njano. Yanaelea popote mkondo unapoyapeleka, na yanatuma habari ya mahali yalipo. Papa alikuwa akinitania: "Joëlle, mutoto wangu, nani ataoa mwanamuke mwenye kutupa vitu mu maji?"

Mwezi wa pili alitoka kuvua ndagala na Willy, yule mtoto wa Shangazi Mélanie. Jioni upepo ulishuka kutoka milimani kwa nguvu sijawahi kuona. Mitumbwi mingine ilirudi. Wa Papa haukurudi.

Kesho yake wavuvi waliwatafuta kando kando ya ziwa mpaka Kabimba, bila kuona hata ubao. Majirani wakaanza kuleta viti nyumbani, kama matanga. Mama akasimama mlangoni. "Bwana yangu hajakufa. Murudishe viti vyenu." Yaya, walivirudisha.

Mimi nilikimbilia biro yetu ya kituoni. Maboya mawili yaliyokuwa mbele ya Kalemie yalikuwa yamekokotwa na upepo ule ule, na hayakwenda Kabimba. Yalikuwa yanavuka ziwa, kuelekea Tanzania. Kisha umeme ukakatika, kompyuta ikazimika mbele ya macho yangu.

Nikampigia Ntahondi, mwenzetu wa Kigoma. Tumefanya kazi pamoja bila kuonana uso kwa uso. Nikaanza kumtajia maboya na upepo, maneno yakipandana.

"Dada Joëlle, vuta pumzi kwanza," akasema. "Nani yuko majini?"

"Papa."

Hakuuliza lingine. Alimwomba Evodie wa Bujumbura apige hesabu ya mkondo, maana kwake umeme ulikuwepo, na Ntahondi mwenyewe akalinganisha na upepo uliopimwa ng'ambo. Wote wawili walifika mahali pamoja: katikati ya ziwa, kabla ya milima ya Mahale. Nahodha wa boti ya utafiti ya Kigoma alikuwa kwenye arusi ya mdogo wake. Alitoka huko na suti yake mwilini, wakaondoka yeye na Ntahondi.

Saa zile, Yaya, sitaki kuzikumbuka. Nilirudi nyumbani nikaketi karibu na Mama. Nilitaka kumwambia kuhusu mkondo na hesabu, nikaona mambo hayo hayatamsaidia. Nikamsukia nywele. Alikubali.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama simu ilipolia. "Tuko nao," alisema Ntahondi. "Wote wawili." Moteri ilikufa tangu mwanzo wa dhoruba, mtumbwi ulijaa maji nusu, Willy alikuwa akiyatoa kwa kiatu. Papa alikuwa amemvalisha koti lake, yeye mwenyewe anatetemeka. Walimpa simu. Nilisikia meno yake yanagongana, kisha neno moja tu: "Mama yako?" Nikampelekea Mama simu. Sijui waliongea nini. Alitoka nje nayo.

Ntahondi aliwakaribisha nyumbani kwake Kigoma. Mke wake alimlisha Papa uji mpaka nguvu zikarudi, na siku ya kuagana Papa alimwita "binti yangu". Yeye na Willy walirudi na boti ya mizigo. Pale bandarini Mama, ambaye hamshiki mume wake mbele ya watu, alishika kifungo cha shati la Papa na hakukiachia mpaka tumefika Kataki.

Mtumbwi ulizama, hilo tumelipokea. Willy anavua na watu wengine. Papa bado hajaingia majini. Mikono yake inatetemeka akishika kikombe, na hataki tuone, kwa hiyo tunaangalia pengine. Anakutaja sana. Anasema ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilala juu ya nyavu na yeye alikuwa anaogopa kukuamsha.

Nisalimie Chérie na watoto. Willy, Shangazi Mélanie na Mama Philomène wa kanisani wanakusalimu. Mama anakubariki, anasema uvae soksi mbili.

Yaya, mpigie Papa. Usimuulize ziwa. Muulize hali yake, kisha nyamaza, hata akikawia. Ataongea.

Mungu akufunike huko uliko.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Joëlle