Shanga za Kabula

Tunduma, Jumamosi, Juni 2013

Baridi ya leo ilikuwa ya kukata masikio, na upepo wa uwanja wa Chapwa umetulisha vumbi tangu asubuhi. Chai imepoa mezani, sina hamu nayo.

Leo nilikuwa mwanzishaji wa mbio kwenye mashindano ya shule za msingi. Mwenye filimbi ndiye mwenye kauli, na kichwa kilishanivimba kabla watoto hawajapanga mstari.

Mita mia nane wasichana, akaja Kabula wa darasa la saba, mtoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao bonde la Momba. Miguu peku. Mkononi amefunga uzi wa shanga nyeupe na nyeusi. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba ni dawa ya ushindi.

"Toa hiyo," nikamwambia.

"Mwalimu, siyo dawa. Ni za marehemu bibi. Kwetu tunavaa wote."

Sikuuliza zaidi. Nimekulia Iyula, kwenye nyumba ya walokole, na kwetu chochote kilichofungwa mwilini kilikuwa uchawi tu. Nikachukua mkasi, nikaukata ule uzi. Shanga zikamwagika vumbini, Kabula akainama kuziokota.

Nikapuliza filimbi.

Nilimwona ameinama. Nilipuliza makusudi, nimfunze adabu. Alipoinua kichwa wenzake walishafika kona ya kwanza. Hakukimbia. Aliendelea kuokota.

Na aliyeshinda alikuwa na msalaba shingoni. Niliuona tangu mwanzo, wala haukunisumbua. Nikampa mkono wa pongezi.

Jioni baba yake Kabula alinifuata pale uwanjani. Hakupaza sauti. "Mwalimu, ungeniita, ningekueleza." Basi, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Naona aibu.

Jumatatu majina ya washindi yanakwenda mkoani. Kabula akimaliza la saba, mbio zimeishia hapo. Kamati ya mashindano itarudia mbio zile endapo tu mwanzishaji ataandika kwamba kosa ni lake. Nikiandika, filimbi sitaishika tena, na walimu watanicheka mpaka Vwawa.

Nimeandika. Ukurasa mmoja, yote yamo, hata lile la makusudi. Kesho nikitoka kanisani nitampelekea baba yake Kabula ausome kabla ya kamati. Kama hajui kusoma, nitamsomea mwenyewe, Kabula akiwa amekaa hapo anasikia.