Swichi Iliyowashwa Hakuna Umeme

Mume wangu Gasto,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku Bombambili tu wazima. Mahindi yamebeba, na babu yako bado anagombana na kuku.

Unauliza kama uhame chumba, maana Myahudi unayekaa naye hagusi swichi kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka kesho yake jioni.

Nilipokuwa msichana, soko huria limeanza na maduka yamejaa redio, mtaalamu mmoja wa mbegu, Myahudi, alipanga chumba kwetu. Umeme ulikuwa wa mgao. Ijumaa moja ulikuwa umekatika, na jua likikaribia kuzama nikamwona anawasha swichi yake.

"Mjomba, umeme haupo!"

"Najua. Baadaye dini hainiruhusu kuwasha. Umeme ukirudi, unikute tayari."

Tulimcheka mpaka mama akatukaripia. Tukiwa tunakula kwa kibatari, chumba chake kikawaka chenyewe, naye akacheka kwa furaha. Sisi bado tulikuwa tunapapasa ukuta kutafuta swichi.

Usihame, Gasto. Ijumaa hii wahi kurudi, umuulize mwenzako taa ipi uiache inawaka.

Bibi yako anayekupenda