Sinia la Asiyekuwepo

Amagasaki, 9 Novemba 1987

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zenye harufu ya samaki wa miso, lile rojo la soya, maana nakuandikia hapa hapa kaunta ya mgahawa wetu na sufuria bado ni ya moto. U mzima? Sikio lako linasemaje na baridi ya Kushiro? Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, lakini hayo yalilalamika tangu baba yako yuko hai na hakuna aliyeyasikiliza.

Kadi yako imefika. Nimefurahi umepata kazi jikoni. Sikuulizi ni jiko la nani wala unalala wapi. Tulikubaliana barua zangu zikusubiri posta, na nisichokijua hakiwezi kunitoka kinywani.

Tangu uondoke nakuwekea sinia. Kila mchana, kabla sijampakulia mteja yeyote, naliweka mwisho wa kaunta, kwenye kiti chako cha ukutani: wali, supu yenye kifuniko, kipande cha samaki, figili za chumvi. Bibi yako alimwekea babu yako hivyo hivyo alipokuwa vitani, na mzee akarudi na miguu yote miwili. Nikifunua supu nikakuta matone ya mvuke chini ya kifuniko, najua u mzima, naendelea na kazi.

Juma lililopita alikuja mumeo, Takemasa. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, watu wa kiwandani wamejaa. Aliinamisha kichwa kwa adabu, bwana harusi mtupu. "Mama, siku nyingi. Nimekuja kula nyumbani." Akavipita viti viwili vitupu, akaketi kwenye chako, akashika vijiti vyako.

Watu waliacha kutafuna. Mzee Ogino, yule fundi wa kuchomelea aliyekuwa akikuletea peremende, akamwambia, "Bwana mdogo, sinia hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mke wangu. Tangu lini cha mke kikawa si cha mume?" Akafunua supu, akayaona matone, akacheka. "Kumbe yu hai! Asante, Mama, kwa habari."

Mzee Ogino alisimama akamshika bega. Takemasa hata hakugeuka vizuri. Alimkamata mzee kisogoni akamzamisha uso kwenye bakuli lake mwenyewe la supu iliyotoka jikoni sasa hivi, akambana humo, kisha akampigiza kwenye ukingo wa kaunta. Meno mawili yaliruka mpaka kwenye figili. Mkono wa pili ulikuwa bado umeshika vijiti, akamaliza wali wako hadi punje ya mwisho. Akajifuta mdomo. "Tutaonana kesho, Mama." Na kesho yake akaja, na siku iliyofuata.

Polisi nao walikuja, wakanywa chai. Walisema mambo ya mume, mke na mama mkwe huzungumzwa nyumbani. Niliwaambia hapa ndipo nyumbani, ndiyo maana kuna damu ukutani.

Wako akupendaye,
Mama


Kushiro, 20 Novemba 1987

Mama yangu,

Salamu nyingi na pole nyingi zaidi. Mwili wangu mzima, hofu ni kwako. Hapa theluji imeanza, bandari inatoa moshi asubuhi, na wavuvi wanakula kana kwamba wana matumbo mawili. Mpe Mzee Ogino pole yangu. Mwambie nimelia, na ni kweli nimelia.

Mama, nakuomba kitu kimoja: acha kuniwekea sinia. Wewe unaliweka ili nisipate njaa wala ajali njiani, na yeye anakaa anaila salama yangu tonge kwa tonge. Humjui anapotulia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Siku aliyoniharibu sikio hakuwa amepaza sauti hata kidogo. Aliniuliza kwa nini kola ya shati ina mkunjo, akaichukua pasi mkononi mwangu taratibu, akanipiga nayo upande wa kushoto. Nilipoanguka alikaa juu ya mgongo wangu akasoma gazeti. Sikuwahi kukueleza habari ya gazeti, niliona haya.

Nilipotoroka alimwambia jirani, "Atarudi yeye au itarudi maiti yake." Mimi namwamini. Mwanamume akiingia hapa na sauti nzito, najikuta chini ya sinki sijui nimefikaje. Mama Hatsue mwenye mgahawa ananiita, "Panya, toka, ni mchukuzi wa bandarini tu!" Wenzangu wanacheka, nami nacheka nao, lakini magoti hayacheki.

Akishakata tamaa kwamba mimi ni hai, ataacha. Sijui akate tamaa vipi.

Ni mimi,
Mwanao


Amagasaki, 4 Desemba 1987

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi mzima wa mwili. Kaa chini kwanza, kisha usome.

Nimekuua.

Ulisema akate tamaa. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo. Jumanne alipoketi kwenye kiti chako nilichukua bakuli lako la utotoni, lile lenye sungura, nikalijaza wali mpaka ukawa kilima. Nikachukua vijiti vyako, nikavisimamisha wima katikati ya wali, nikaliweka mbele yake.

Unajua ulivyokuwa ukichapwa mkono ukifanya hivyo utotoni. "Unamlisha nani, maiti?" Basi safari hii nililisha maiti. Mtu mmoja alivua kofia.

Takemasa akasema, "Nini hiki?"

"Alijitupa baharini," nikamwambia. "Kushiro. Bahari haijamrudisha."

Nisamehe kwa jina la mji. Uongo huhitaji mahali, na kinywani mwangu palikuwa na mahali pamoja tu.

Aliamini, mwanangu. Mama gani angemsimamishia vijiti mtoto aliye hai? Hata mimi mwenyewe nilipoviona vimesimama niliamini kwa kitambo, nikalia kweli. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilijizalia uchungu ule kwa mikono yangu. Alilaza kichwa kaunta akalia kamasi mpaka kwenye mchuzi wa soya. Kisha akainuka, akavunja kila bakuli lililokuwa juu ya rafu, moja baada ya jingine, akimlaani nani sijui, akatoka. Tangu siku hiyo hajarudi. Hata kwenda kuutafuta mwili wako hakwenda, mvivu yule.

Mtaa mzima umekuja na ubani. Mzee Ogino na mapengo yake mawili analia akila, anasema ulikuwa mtoto mzuri. Namtazama nauma ulimi. Yote hayo ni ukatili, lakini lisilo budi hutendwa.

Mama yako muuaji


Kushiro, 15 Desemba 1987

Mama mpenzi,

Salamu kutoka kaburini. Maiti hajambo, mikono tu imepasuka kwa maji baridi.

Nilisoma barua yako nimesimama posta, nikacheka kwa sauti, karani akaniangalia. Kisha nikagusa shingo kuona kama inapiga. Nilikukasirikia usiku mmoja, sikufichi. Asubuhi nikagundua kwamba usiku huo huo nililala bila kuegemeza kiti mlangoni. Jana ameingia baharia mwenye sauti kama ngoma nami nikabaki nimesimama, nikamwuliza anataka samaki wa kuchoma au wa kuchemsha. Mama Hatsue akapiga makofi.

Kuwa maiti kunanifaa, Mama. Endelea kuniomboleza vizuri. Usikosee.

Mwanao marehemu


Amagasaki, 12 Januari 1988

Mwanangu, mwanangu,

Sina salamu ndefu. Ukiisoma hii ondoka Kushiro siku hiyo hiyo. Usingoje mshahara, usiage mtu.

Usishtuke na mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ameuvunja.

Nilikosea. Ni kosa la kipumbavu ambalo mtoto wa shule asingelifanya. Mwishoni mwa mwaka nilifagia mlangoni, nikapanda kistuli, nikatundika kamba ya majani ya mpunga ya Mwaka Mpya kama ninavyoitundika kila mwaka. Nyumba yenye msiba haitundiki kamba ile. Haipeleki kadi za heri, haimpongezi mtu. Najua hayo tangu sijaota meno. Lakini ulikuwa hai, ulikuwa umeniandikia kwamba unacheka, na mikono yangu ilifurahi bila kuniuliza. Majirani walipita wakadhani bibi amechanganyikiwa kwa majonzi, wakaniacha. Yeye hakudhani hivyo.

Alikuja juzi, akasimama chini ya ile kamba akiitazama. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Nilikuwa peke yangu nakosha mchele.

"Mama, heri ya Mwaka Mpya."

Na mimi nikajibu! Mdomo ulijibu wenyewe, "Heri na kwako."

Akatabasamu. Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia pale pale. Alinivuta mkono akaulaza kaunta, akachukua jiwe linalokandamiza figili za chumvi kwenye pipa. "Yuko wapi?" Nikasema baharini. Akashusha jiwe kwenye kidole kidogo. "Yuko wapi?" Baharini. Alikwenda hivyo kidole baada ya kidole, kisha kiwiko cha mkono, bila haraka, kama anaponda vitunguu. Nilipiga kelele, sikufichi, nilijikojolea pia. Lakini sikusema. Sikuwa na la kusema, nashukuru sikujua unapolala.

Mwishowe akaweka jiwe chini, akasema peke yake, "Kushiro. Ulisema Kushiro."

Ondoka, mwanangu.

Mama


Amagasaki, 30 Januari 1988

Mwanangu,

Je, u mzima? Naandika kwa posta ile ile. Kama umeshahama hutaisoma, na hilo ndilo ninaloliomba. Lakini kama umehama kwa nini huniandikii hata neno? Samaki nimewaunguza leo mara mbili. Wateja wamekula hivyo hivyo.

Nijibu. Hata ukinitukana, nijibu.

Mama


Kushiro, 21 Februari 1988

Mama yangu mpenzi,

Salamu. Ni mzima. Nalirudia ili usiisome barua kwa kukimbia: ni mzima. Nina mshono kichwani na nywele zimenyolewa upande mmoja. Niko mahabusu. Walinizuia kuandika mpaka wiki hii, na barua hii inasomwa kwanza na askari, basi nawasalimu nao.

Barua yako ya kunionya niliisoma mikononi mwa mpelelezi. Ilikuwa bado posta siku aliyokuja Takemasa.

Alizunguka migahawa ya bandarini mmoja mmoja, akiagiza chakula kila mahali. Kwetu alifika mchana tukiwa tunamaliza. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, nakaanga, na ubavu ule ni wa sikio bovu. Sikusikia chochote. Nilihisi tu wavuvi wamenyamaza. Nikageuka.

"Maiti wangu huyu hapa," akasema. "Kumbe mnaruhusu maiti kupika?"

Mama Hatsue alimzuia kwa ufagio. Takemasa alimpiga ngumi ya kifua, mama wa watu akaangukia masanduku ya bia. Akaruka kaunta. Nilitaka kwenda chini ya sinki, Mama, nilitaka sana, lakini alikuwa ameshanishika nywele. Alinipigiza kichwa kwenye bomba, damu ikanijaa macho, akaniinamisha juu ya jiko mpaka nikasikia nywele zinaungua. Na huku anazungumza kwenye sikio langu zima, kwa upole ule ule. Alinisimulia mkono wako. Kidole baada ya kidole, na sauti uliyoitoa kwa kila kimoja. Aliiga sauti yako.

Sufuria ya chuma ya wali ilikuwa pembeni. Nilimpiga nayo gotini, akaniachia. Akachukua kisu cha samaki, akanijia, nikampiga kichwani. Akaanguka. Kisu kikateleza mbali. Alikuwa amelala chali anapepesa macho, mikono mitupu. Nikampiga tena.

Alikufa siku ya pili.

Wavuvi wote wamesema hawakuona vizuri, kulikuwa na mvuke. Mama Hatsue amesema ni yeye. Nimewaambia ni mimi. Wakili wangu ni kijana mwema, anakohoa kila akitaka kusema jambo gumu. Anasema pigo la kwanza na la pili ni la kujiokoa, hakuna hakimu atakayebisha. Tatizo ni la tatu. Anataka niseme la tatu nalo lilikuwa la woga, kwamba nilidhani atainuka. Nikisema hivyo huenda nikarudi nyumbani maua yakichanua. Nisiposema, ni miaka.

Sikuogopa, Mama. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikuogopa hata kidogo. Pigo la tatu lilikuwa la mkono wako. Nitamwambia hakimu hivyo, maana ni kweli, na nimechoka kudanganya kwa ajili ya mtu yule.

Mwanao,
Chinatsu


Amagasaki, 28 Februari 1988

Mwanangu Chinatsu,

Salamu nyingi, na salamu kwa askari wanaoisoma hii kabla yako. Wakupe blanketi la pili.

Mimi sijambo kabisa. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na naona kuna jambo umeelewa vibaya, pengine kwa sababu ya lile sikio. Mkono wangu haukuwa umevunjika. Uliteguka tu, mimi nilitia chumvi kwa hasira, unanijua mama yako. Umepona. Leo nimekata figili pipa zima, nimewageuza samaki, nimemvunja mbavu Mzee Ogino kwa vicheko. Hivyo hakuna mkono wa kulipia.

Mwambie hakimu uliogopa. Uliogopa atainuka. Sema hivyo, mwanangu, na wakili akikuuliza tena, sema tena.

Hii naiandika kwa mkono wa kulia. Mwandiko ukiuona umelala, ni kalamu tu.

Mama