Namba Waliyoiruka Bwenini

...na dada, kama nilivyokwambia kwenye simu, mume wangu ni asali! Alinishika mkono shule zote tatu tulizokwenda kumtazamia binti yako. Ya kwanza haina maabara, ya pili haina maji. Ya tatu, tuliyosoma sisi, inafaulisha kuliko zote.

Lakini bwenini wasichana walijihesabu: ishirini na tisa, thelathini, kimya kidogo, thelathini na mbili.

“Mbona mmemla mwenzenu?” mume wangu akatania.

“Ndivyo tulivyokuta, shemeji,” wasichana wakajibu.

Thelathini na moja ilikuwa namba ya mdogo wetu, dada, mpaka asubuhi ile ambayo hakuamka.

Mwalimu mkuu anasema imebaki nafasi moja tu, hiyo hiyo. Usijaze fomu. Tutakuja kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako uliyebaki naye